Skrini imeletwa, mgonjwa kakimbia: tiba ya akili kwa mbali ianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kimoja mkoani Katavi. Mapema mwaka huu tuliletewa kompyuta, kamera na skrini kubwa ya ukutani ili wagonjwa wetu wa akili waonane na daktari bingwa kwa video, badala ya kusafirishwa mpaka Dodoma. Chumba kimepakwa rangi, pazia limewekwa. Hadi leo kimehudumia wagonjwa wanne tu. Mara mtandao umekata, mara umeme hakuna, mara bingwa kaitwa wodini. Wa mwisho alikuwa kijana anayesema redio inamtangaza jina. Uso wa daktari ulipotokea ukutani na kumsalimia kwa jina lake, alipiga kelele, "Si niliwaambia?" akatoka mbio. Hajarudi, na mama yake ananilaumu mimi. Mganga mfawidhi anasema wananchi hawana mwamko. Mimi nadhani tatizo si mwamko. Je, huduma hii ya mbali inafaa kweli vijijini kwetu? Na kama inafaa, tuianze upya vipi?

JIBU: Marahaba, sista. Hujakosea, tatizo si mwamko.

Nianze na huyo kijana. Mtu ambaye kwa miezi redio imekuwa ikimtaja, na ambaye ana hakika kuna watu asiowaona wanaomfuatilia, mmemwingiza chumba chenye pazia, mmefunga mlango, halafu uso mkubwa wa mtu asiyemjua ukajitokeza ukutani na kumwita jina. Hata mimi ningekimbia. Sisemi kwamba mwenye ugonjwa kama wake hafai kuonwa kwa video. Wengi huikubali vizuri wakiandaliwa: aonyeshwe simu kwanza, aelezwe nani atakayeongea na kwa nini, aambiwe anaweza kukata wakati wowote, akae karibu na mlango. Lakini maandalizi hayo huchukua siku mbili tatu za kumzoea, na wa kuyafanya ni mtu aliye naye hapo hapo. Yaani wewe.

Kwa hiyo kabla ya yote mengine, mfuate nyumbani bila kifaa chochote mkononi. Mwombe radhi, na mama yake naye mwombe. Mwambie ile ilikuwa simu tu, na kosa lilikuwa lako kutomweleza mapema. Usibishane naye juu ya redio, wala usimkubalie kwamba inamsema. Muulize analala vipi na anakula nini. Kama ni kutoa dawa, itolewe hapo kituoni na wewe au tabibu wenu, kwa ushauri wa bingwa ambaye kijana hana haja ya kumwona kwanza.

Hilo la mwisho ndilo jibu langu kwa swali lako lote. Huduma ya akili kwa mbali inafaa sana vijijini, ila mmeiunganisha kichwa chini. Mmemuunganisha bingwa na mgonjwa. Anzeni kwa kumuunganisha bingwa na wewe.

Watu wanaodhani tiba kwa njia ya mtandao ilikuja na korona hushangaa nikiwaambia ni ya zamani kuliko uhuru wetu. Mwaka 1959 Cecil Wittson na wenzake wa taasisi ya magonjwa ya akili ya Nebraska, Marekani, walikuwa tayari wanatumia televisheni ya kuonana pande zote mbili kwa kufundishia na kwa tiba ya vikundi. Mwaka 1964 waliiunganisha taasisi hiyo ya mjini Omaha na hospitali ya akili ya Norfolk, umbali wa kilomita 180 hivi. Norfolk ni eneo la wakulima, na mabingwa walikuwa haba kama kwetu. Ila angalia kilichokuwa upande wa pili wa ule mtambo: hospitali nzima yenye wauguzi, vitanda, stoo ya dawa, na watu waliowajua wagonjwa wao kwa majina. Kamera iliongeza kitu juu ya huduma iliyokuwepo. Kwenu imeletwa ili izibe pengo la huduma isiyokuwepo, na kazi hiyo kamera haiiwezi.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu uliuliza swali lako hasa. Matokeo yake yalitolewa 2021 na John Fortney na wenzake. Walichukua vituo 24 vya afya ya msingi visivyo na daktari wa akili katika majimbo ya Arkansas, Michigan na Washington, na wagonjwa 1,004 wenye matatizo magumu: waliojeruhiwa akili na matukio ya kutisha, na wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule wa baipola. Kundi moja lilipewa mtaalamu aliyewatibu moja kwa moja kwa video. Kundi la pili lilibaki mikononi mwa kituo chake: mtumishi mmoja akifuatilia wagonjwa, tabibu wa kituo akiandika dawa, na bingwa akikaa mbali kama mshauri wa timu. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuwa ya maana.

Msomaji wa haraka atasema basi ni sawa tu, tuendelee na skrini. Mimi naisoma hivi: kama matokeo yanalingana, chagua njia inayokula muda mchache wa bingwa. Marekani wanaweza kubishana kuhusu hilo. Sisi, ambao mikoa mingine haina hata bingwa mmoja wa akili, hatuna cha kubishania. Saa moja ya bingwa kwa video inahudumia wagonjwa wawili, watatu wakizidi. Saa hiyo hiyo akiitumia kupitia daftari pamoja nawe, mnagusa wagonjwa kumi au zaidi, na wiki ijayo utamtibu wa kumi na moja bila kumuuliza.

Tuje kwenye namna ya kufanya. Omba siku na saa isiyobadilika. Nasema siku na saa, maana "nipigie ukipata kesi" ndiyo iliyowaua. Bingwa ana wodi, ana mahakama inayosubiri ripoti, ana wanafunzi. Ukimpigia ovyo hatapokea, na akipokea ana haraka. Lakini ukipewa Jumatano saa nane mchana, dakika arobaini na tano, kila wiki, atapanga kazi zake kuzunguka hapo. Tumia simu ya kawaida, sauti tu. Sauti inapita hata mahali ambapo video inagandaganda, na haimalizi bando.

Kabla ya kupiga, andika. Nakuwekea mfano wa maelezo ambayo mimi nikisomewa najua la kujibu:

"Mwanamume, miaka 24, mkulima, hajaoa. Ana miezi minne amebadilika: halali, anasikia redio ikimtaja jina, ameacha shamba. Alimsukuma kaka yake mara moja, hakuna aliyeumia. Pombe hanywi, bangi alivuta mwaka jana, mama ndiye anayesema. Leo joto 36.8, malaria hana, sukari 5.4, VVU hana, hajaumia kichwa. Anakula. Nimemuuliza kama anafikiria kufa, amesema hapana. Hajawahi kupewa dawa ya akili. Stoo nina haloperidoli na klopromazini za vidonge. Sindano ya mwezi imekwisha. Swali langu: nianze na ipi, kiasi gani, na nikiona nini nikupigie kabla ya Jumatano?"

Hayo yanasomwa kwa dakika moja na nusu. Ona yalivyoanza na mtu, yakaja kwenye mwili, yakaja kwenye stoo, yakamalizia na swali. Wenzako wengi hunipigia wakaanza, "Daktari, nina mgonjwa amechanganyikiwa," kisha wananyamaza wakisubiri. Hapo nusu ya muda wetu inaishia kwenye mimi kuuliza maswali ambayo majibu yake yako kitandani kwa mgonjwa, mita kumi kutoka ulipo.

Sehemu ya mwili usiiruke kamwe. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, haswa kama ana homa au kumbukumbu inakuja na kupotea, si wa daktari wa akili mpaka ithibitike hivyo. Ni malaria kali, ni homa ya uti wa mgongo, ni sukari iliyoshuka, ni pombe iliyokatishwa ghafla, ni jeraha la kichwa ambalo ndugu wanaona aibu kulitaja. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita akianza kuongea yasiyoeleweka, mpime maambukizi kabla hujafikiria lolote. Kwa hawa usisubiri Jumatano, wala usiwashe skrini. Wape rufaa.

Sasa kuhusu dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Katika barua yako umetaja rangi ya chumba na pazia. Dawa hukuitaja. Huko India, katika wilaya ya Pudukkottai jimboni Tamil Nadu, taasisi ya afya ya akili ya SCARF, ya mjini Chennai, ilianzisha mwaka 2010 huduma ya basi linalozunguka vijijini. Ndani ya basi kuna chumba cha kuongea kwa video na bingwa aliyeko Chennai, karibu kilomita 400 kutoka hapo, na ndani ya basi hilo hilo kuna duka la dawa. Mgonjwa anashuka na dawa zake mkononi, bila malipo. Hao wameelewa. Mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, aliyesafiri kilomita thelathini kwa bodaboda, akaongea na bingwa, akaandikiwa dawa isiyopatikana Mpanda nzima, hatarudi mara ya pili. Na ana haki.

Kwa hiyo mganga mfawidhi akisema "mwamko", mfungulie daftari la stoo. Muulize dawa za akili na kifafa ziliagizwa lini mara ya mwisho, ngapi, na zilikaa siku ngapi zikiwa zimekwisha. Sizungumzii dawa za ajabu. Ukiwa na haloperidoli na sindano ya mwezi ya flufenazini kwa wanaosikia sauti, amitriptilini au fluoksetini kwa sonona, na fenobabitali au kabamazepini kwa kifafa, pamoja na benzheksoli ya kutuliza madhara, umeshafunika sehemu kubwa ya wanaokuja. Ni dawa za zamani na za bei nafuu. Zinakosekana kwa sababu hakuna anayeziandika kwenye maoteo ya mahitaji, na haziandikwi kwa sababu hakuna mgonjwa kwenye daftari, na mgonjwa hayupo kwenye daftari kwa sababu alikuja akakuta dawa hakuna. Mzunguko huo unaukata wewe, kwa kuwahesabu walioko majumbani.

Nimetaja kifafa kwa makusudi. Kliniki zetu za akili nchini zinabeba wagonjwa wengi sana wa kifafa, na hapo ndipo simu janja ya kawaida inapofanya kazi ambayo skrini yenu haitaifanya milele. Degedege haliji siku ya kliniki. Linakuja usiku wa manane, na asubuhi ndugu anakuambia "alikuwa anatetemeka" basi. Mwambie ndugu mwenye simu yenye kamera arekodi nusu dakika: macho yameelekea wapi, mkono upi ulianza, povu lipo, anaitika akiitwa? Kwanza amgeuze ubavu na kuondoa jiko karibu, kisha ndiyo arekodi. Nusu dakika hiyo inamweleza bingwa mengi kuliko simulizi ya nusu saa, naye anaiangalia muda wake ukifika, mtandao ukiwepo.

Na kwa madhara ya haloperidoli video inasaidia hivyo hivyo. Siku ya pili au ya tatu baadhi ya vijana shingo hupinda, macho hupanda juu, ulimi hujitokeza. Haiui mara nyingi, lakini inatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Familia inaamini mtoto amelishwa sumu au jini limechukia, na dawa zote zinakwenda chooni. Nimewahi kutumiwa video ya sekunde ishirini ya kijana wa namna hiyo, na muuguzi akapata jibu kabla uji haujaiva. Ila waambie madhara hayo mapema, siku unayowapa dawa. Wakiyategemea, watakupigia wewe.

Video hizo zinahitaji adabu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo. Lakini hata bila sheria, picha ya mtu akiwa na degedege si ya kundi la WhatsApp la watumishi wa wilaya lenye wanachama themanini. Inatumwa kwa mtu mmoja, kwa ruhusa, na ikishatazamwa inafutwa pande zote mbili. Jina halitajwi, mna namba ya daftari, itumieni.

Tukiwa hapo kwenye faragha, nikusimulie kosa langu. Miaka ya mwanzo nilianza kufuatilia wagonjwa kwa simu nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua moto. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sonona baada ya kufiwa na mtoto, anaendelea vizuri. Nikapiga. Akapokea mwanamume, nikasema kwa sauti ya kazi, "Naitwa daktari fulani wa magonjwa ya akili, naomba kuongea na fulani." Kimya. Halafu, "Kumbe ndiyo huko anakokwenda?" Simu ilikuwa ya mume. Yule mama hakurudi kliniki kwa miezi saba, na aliporudi alinieleza jinsi alivyokuwa akiitwa pale nyumbani kila sufuria ilipoungua. Sitakuandikia jina hilo.

Tangu siku ile nauliza kabla: simu hii ni ya nani, nani mwingine anapokea, saa ngapi uko peke yako, nikipigia mtu mwingine akipokea nijitambulishe nani? Wengi huchagua niwe "dada wa kliniki ya watoto" au "wa kikoba". Tunakubaliana na neno. Nikiuliza "Mvua imenyesha huko?" akajibu "Bado", maana yake kuna watu, nitamuuliza maswali ya ndiyo na hapana tu. Akisema "Imenyesha sana", tunaongea. Na kijijini simu mara nyingi haishiki ndani ya nyumba. Inashika juu ya kichuguu fulani au chini ya mwembe fulani, na hapo jioni wamejaa watu kumi wanaopiga simu zao. Mtu hawezi kukueleza kwamba amefikiria kufa akiwa amesimama juu ya kichuguu mbele ya shemeji zake. Ndiyo maana kwa mazungumzo mazito bado napendelea aje kituoni, akae kwenye kile chumba chenu chenye pazia. Kumbe kina kazi! Skrini izimwe, viti viwili viwekwe, na wewe uwe naye.

Kuhusu kufa, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kwetu kuna ugumu wa ziada: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanajua. Majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume na Katiba Januari 2025. Mgonjwa wako anaogopa kwamba akikujibu ndiyo, utampigia polisi. Mwambie kabla ya kuuliza kwamba umeuliza ili umsaidie. Akijibu ndiyo, na ana mpango, asiondoke peke yake, na aliye naye nyumbani aelezwe kwa ridhaa yake. Kisha uliza kitu ambacho mabingwa wa mijini husahau: sumu ya pamba na ya tumbaku inawekwa wapi? Huko kwenu karibu kila nyumba ya mkulima inayo, chini ya kitanda. Ipelekwe kwa jirani, ifungiwe. Na amitriptilini usimpe ya mwezi mzima mtu wa namna hiyo. Mpe ya wiki, maana ikinywewa kwa wingi inasimamisha moyo. Hili linafanyika kwa ushauri wa simu bila shida, mradi mtu wa kwenda nyumbani kwake kesho asubuhi yupo. Kama hayupo, mpe kitanda.

Lugha nayo. Bingwa wako wa Dodoma anaongea Kiswahili, na wewe pia, lakini Katavi ina Wasukuma wengi waliohamia na ng'ombe wao, na kuna Katumba na Mishamo, makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972 na baadaye wakapewa uraia. Bibi aliyekuwa mtoto mwaka huo anaweza kukueleza bei ya mahindi kwa Kiswahili safi, lakini yaliyomtokea akiwa na miaka minane anayo kwa Kirundi. Usimtumie mjukuu wake kutafsiri. Tafuta mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye umri wa kutosha, mfundishe kutafsiri neno kwa neno na kufunga mdomo, na umlipe nauli.

Hata kwa Kiswahili, chunga maneno. "Sonona" ni neno letu la vitabuni. Wagonjwa wangu hawasononi. Wana mawazo, moyo umekufa ganzi, kichwa kinawaka moto, mwili mzito. Zimbabwe waliliona hili mapema. Dixon Chibanda alipoanzisha mwaka 2006 huko Harare mpango wa mabibi wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati kusikiliza watu, alijenga juu ya neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si lazima nikueleze linavyofanana na "mawazo" yetu. Mabibi wale si madaktari. Wamefundishwa njia ya kumsaidia mtu kutaja matatizo yake, kuchagua moja, na kutafuta hatua ndogo ya kulikabili, huku wataalamu wakiwasimamia. Matokeo ya majaribio yao, yaliyochapishwa 2016 kwa washiriki 573, yalionyesha waliokaa kwenye benchi wana dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa kutibu magonjwa ya akili, mhGAP, toleo la 2016, ulioandikwa kwa ajili ya watu kama wewe na tabibu wenu. Unauliza maswali kwa mishale, ndiyo huku, hapana kule. Uwe mezani Jumatano, wewe na bingwa mkifungua ukurasa mmoja.

Sasa ile mashine iliyonunuliwa? Isirudishwe. Itumieni kwa mambo matatu niliyoona inayaweza: masomo ya pamoja ya vituo kadhaa, kila kituo kikileta kesi moja; mgonjwa aliyekwisha kuonana na bingwa uso kwa uso, anaendelea vizuri, na anataka kuonana naye tena bila kupanda treni ya Mpanda mpaka Tabora na kuendelea; na wewe mwenyewe. Hili la tatu watu hucheka. Muuguzi pekee wa afya ya akili katika eneo lenye vijiji ishirini anabeba mengi, na anahitaji saa yake ya kuongea na mtu. Mlango ufungwe, pazia livutwe.

Fedha za vocha ziingizwe kwenye mpango wa mwaka wa kituo, na mganga mkuu wa wilaya ajue. Nimeona huduma nzuri zikifa kwa sababu muuguzi alichoka kununua bando kwa mshahara wake, na hakuna aliyejua kwamba ndiye aliyekuwa ananunua.

Kitu cha mwisho ni daftari lenyewe, la kurasa nyingi, si lazima kompyuta. Jina, kijiji, simu ya nani, neno la siri, dawa, tarehe ya kurudi. Kila Jumanne jioni pitisha kidole kwenye safu ya tarehe. Aliyepitiliza wiki moja mpigie, aliyepitiliza mbili mtume mhudumu wa jamii. Hao waliopitiliza ndio wa kwanza kumsomea bingwa Jumatano, kabla ya wapya. Wagonjwa wanaokuja wenyewe hawahitaji sana kufuatiliwa na mimi wala wewe.

Mstari wa kwanza wa daftari hilo uwe wa kijana wa redio. Ukishatoka kwake, niandikie mama yake amesema nini.